Folda za Wingu Kwenye Simu Bila Intaneti: Mwongozo Kamili wa Kuziandaa, Kuzijaribu na Kuziondoa

Ukifungua Google Drive au Dropbox wakati mtandao umekatika, mara nyingi orodha ya folda itatokea kama kawaida. Majina yapo, tarehe zipo, pengine hata vijipicha vya kurasa vipo. Gusa faili moja uone: kiduara kinazunguka, kinazunguka, na hakuna kinachofunguka. Ulichokuwa nacho ni orodha. Faili zenyewe ziko kwenye seva ya mbali, na simu inazijua kwa majina tu.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kuzileta faili hizo kwenye simu, kuhakikisha zimefika kweli, kuzihariri bila kuharibu kazi, na kuziondoa zinapokuwa hazihitajiki. Nimeuandika kwa watumiaji wa Android na wa iPhone au iPad. Kompyuta ina taratibu zake, na kwa kweli ni nyepesi zaidi. Kwenye simu ndiko mambo yanakokorogeka: nafasi ni finyu, betri inabanwa, na huduma zenyewe hazikubaliani hata kuhusu kama folda nzima inaweza kuwekwa nje ya mtandao.

## Nakala za aina tatu

Kabla ya kugusa kitufe chochote, fahamu kwamba faili ya wingu inaweza kuwepo kwenye simu kwa namna tatu, na zote tatu hufunguka vilevile machoni pako.

Kuna akiba ya muda. Ulifungua PDF jana, programu ikaibakiza ili isilazimike kuipakua tena leo. Nakala hii haina ahadi yoyote. Nafasi ikipungua, simu inaifuta bila kukuuliza. Ndiyo inayowadanganya watu wengi, kwa sababu ukijaribu leo inafunguka, na kesho kutwa ukiwa huna mtandao haipo.

Kuna nakala ya nje ya mtandao, ile unayoiomba mwenyewe. Programu inajua kwamba umeitaka, kwa hiyo inaihifadhi na kuisasisha kila mtandao unaporudi. Hata hivyo inakaa ndani ya eneo la programu yenyewe. Huwezi kuiona ukiitafuta kwenye kidhibiti cha faili cha simu, na ukiondoka kwenye akaunti au ukiifuta programu, nayo inaondoka.

Na kuna faili uliyoipakua hadi kwenye folda ya vipakuliwa. Hii ni ya simu kabisa. Haijali akaunti wala programu. Tatizo lake ni kwamba imekata uhusiano na wingu. Mwenzako akirekebisha bei kwenye jedwali saa tano, jedwali lako bado lina bei za saa nne.

Maoni yangu: aina ya pili itumike kwa vitu vinavyobadilika, kama ratiba, majedwali na rasimu. Aina ya tatu iwe ya vitu visivyobadilika ambavyo ukivikosa umekwama, kama tiketi ya safari, nakala ya kitambulisho au barua ya mwaliko. Hivyo vya mwisho mimi huviweka kwa njia zote mbili, na sioni aibu.

## Huduma yako inakubali folda, au faili tu?

Swali hili ndilo linaloamua namna utakavyofanya kazi yote inayofuata, kwa hiyo lijibu kwanza.

Google Drive kwenye simu hufanya kazi faili kwa faili. Ukigusa nukta tatu pembeni ya faili utakuta chaguo la kuiweka nje ya mtandao. Pembeni ya folda hulikuti. Njia ya kuzunguka ni kuingia ndani ya folda, kubonyeza faili moja kwa muda, kugusa nyingine zote unazozitaka, kisha kufungua nukta tatu za juu na kuziweka nje ya mtandao kwa mkupuo. Inafaa, ila ina kasoro moja kubwa: faili mpya itakayoongezwa kesho ndani ya folda hiyo haitajiunga yenyewe. Itabidi urudi.

Dropbox inaruhusu faili mojamoja hata kwa akaunti ya bure, ambayo ina GB 2. Folda nzima ni ya wanaolipia. OneDrive, wingu la Microsoft, nayo inafuata mtindo huohuo: faili kwa kila mtu, folda kwa wenye usajili wa Microsoft 365. Ukiwa na akaunti ya bure ya GB 5 na chaguo la folda likakataa, simu yako haina ubovu wowote.

Kwenye iPhone na iPad, iCloud Drive ilibadilika mwaka 2024 kwa toleo la iOS 18. Fungua programu ya Files, bonyeza folda kwa muda, chagua "Keep Downloaded". Kabla ya toleo hilo ungeweza kupakua, lakini mfumo ulikuwa na uhuru wa kuiondoa nakala baadaye nafasi ikibana, na ilifanya hivyo mara nyingi wakati usiofaa. Ikiwa simu yako haijafika toleo hilo, ichukulie kila faili ya iCloud uliyoipakua kuwa ni akiba ya muda.

Nextcloud, inayopendwa na wanaoendesha seva zao wenyewe, haina vikwazo vya usajili wa aina hii, na folda nzima inaweza kusawazishwa na simu, yaani nakala ya simu na ya wingu zikafanywa zilingane.

Kwa watumiaji wa Android ambao huduma yao haikubali folda kuna njia nyingine: programu ya kusawazisha ya mtu wa tatu, kama FolderSync. Inaunganishwa na akaunti yako ya wingu na kunakili folda uliyoichagua hadi kwenye hifadhi ya simu kwa ratiba unayoipanga. Nashauri uiwekee mwelekeo mmoja tu, kutoka wingu kwenda simu. Ukiweka pande mbili, siku utakayofuta faili kwenye simu ili kupata nafasi, programu itafuta na ile ya kwenye wingu kwa utiifu mkubwa. Kumbuka pia kwamba unaipa programu hiyo ufunguo wa akaunti yako. Ukiacha kuitumia, ingia kwenye mipangilio ya usalama ya akaunti uiondolee ruhusa.

## Hatua ya kwanza: tengeneza folda ya kazi, kisha pima

Kosa la kawaida ni kuanza na folda kuu. Mtu ana folda ya "Mradi" yenye miaka minne ya mikataba, picha na video, anataka yote iwe kwenye simu kwa sababu hajui atahitaji nini. Simu inajaa, upakuaji unakwama katikati, na faili aliyoihitaji ndiyo ilikuwa ya mwisho kwenye foleni.

Fanya kinyume. Kwenye wingu, tengeneza folda moja ndogo, uipe jina linaloonyesha matumizi na muda, mfano "Simu – ziara ya Machi". Nakili humo vile tu utakavyovigusa. Ukiweza kutumia njia ya mkato badala ya kunakili, kuwa mwangalifu: njia ya mkato ni kielekezi tu, na kuiweka njia ya mkato kwenye folda ya nje ya mtandao si hakikisho kwamba faili inayoelekezwa nayo itapakuliwa.

Sasa pima ukubwa. Nyaraka za maandishi hazina uzito wa kukutia wasiwasi. Mamia yake hukaa kwenye nafasi ya video moja. Video ndiyo inayokula. Kwa makadirio ya Apple yenyewe, dakika moja ya video ya 4K (ile ya ubora wa juu) kwa fremu 30 kwa sekunde katika HEVC, muundo unaobana video, ni takriban MB 170, kwa hiyo dakika kumi zinafika GB 1.7. Ile ya 1080p, yenye ubora wa chini kuliko 4K, kwa fremu 30 ni karibu MB 60 kwa dakika. Kama ni video ya kuonyesha kwenye skrini ya simu tu, tengeneza nakala ya 1080p na uiache ile nzito wingu liilee.

Pima na muda. Kasi ya intaneti hutajwa kwa megabiti, ukubwa wa faili kwa megabaiti, na baiti moja ni biti nane. Folda ya GB 3 kwenye intaneti ya megabiti 10 kwa sekunde inahitaji dakika 40 hivi ikiwa kasi haishuki, na huwa inashuka. Anayeanza kupakua gari likiwa mlangoni ameshachelewa.

Baada ya kupakua, simu ibaki na nafasi ya kupumua. Simu iliyojaa pomoni huanza kufuta akiba, kukataa picha mpya, na programu hujifunga hovyo.

## Hatua ya pili: fungulia milango ya data na betri

Huduma nyingi zina swichi ya kuhamisha faili kwa Wi-Fi pekee. Iache ikiwa imewashwa ili usilie na bando. Ila ujue ipo, maana ukiwa kwenye data ya simu na faili zinasema "zinasubiri" bila kusogea, mara nyingi ni swichi hiyo.

Upande wa Android, kuna mambo mawili yanayosimamisha upakuaji kimyakimya. Kiokoa Data, kilichokuja na Android 7.0 mwaka 2016, huzuia programu kutumia data ya simu zikiwa nyuma ya pazia. Lingine ni mfumo wa kuisinzisha simu, ulioanza na Android 6.0 mwaka 2015: simu ikilala mezani skrini ikiwa imezimwa, programu hunyimwa mtandao isipokuwa kwa vipindi vifupi. Baadhi ya watengenezaji huongeza masharti yao juu ya hayo. Samsung, kwa mfano, ina orodha ya programu zinazolazwa. Nenda kwenye mipangilio ya betri ya programu yako ya wingu, iruhusu itumie betri bila vizuizi, angalau hadi upakuaji uishe. Unaweza kurudisha vizuizi baadaye.

Upande wa iPhone, hali ya kuokoa betri husitisha kazi za nyuma, na ile ya data kidogo, iliyoletwa na iOS 13, hubana mtandao. Zizime zote mbili kwa muda.

Njia ya uhakika kuliko zote, na isiyo na ujanja wowote, ni kuchomeka chaja, kuifungua programu, na kuiacha ikiwa mbele skrini inawaka mpaka imalize.

## Hatua ya tatu: weka alama, subiri, soma alama

Chagua faili au folda, washa chaguo la nje ya mtandao. Sasa subiri. Kuwasha swichi ni kutoa ombi. Faili bado iko njiani. Kila huduma ina alama yake ya faili iliyokamilika, mara nyingi duara lenye vema, na alama nyingine ya inayoendelea au iliyokwama. Google Drive ina ukurasa wa pekee wa faili za nje ya mtandao, na Dropbox pia. Fungua huo badala ya kupekua folda moja baada ya nyingine, maana ndiko faili iliyokwama inakoonekana haraka.

Nyaraka za Google zina utata wao. Hati ya Docs au jedwali la Sheets si faili ya kawaida kama PDF. Ili uifungue na kuihariri bila mtandao unahitaji programu ya Docs au Sheets iwe imewekwa kwenye simu, zaidi ya Drive. Hakikisha ipo, na kwamba umeingia kwa akaunti ileile. Wenye akaunti mbili, ya kazi na ya nyumbani, hapa ndipo wanapojikwaa. Ndani ya programu hizo kuna pia chaguo la kuweka faili za karibuni nje ya mtandao zenyewe. Ni msaada mzuri, lakini ni programu inayokuchagulia cha kubaki nacho, kwa hiyo usiitegemee kwa faili muhimu.

Hali hiyo ipo hata kwa faili nyingine. Mchoro wa kihandisi au faili ya ZIP inaweza kuwa imefika salama kwenye simu na bado usiweze kuisoma, kwa sababu huna programu ya kuifungua.

## Hatua ya nne: jaribio la hali ya ndegeni

Hatua hii hurukwa na karibu kila mtu, ilhali ndiyo pekee inayokupa jibu.

Washa hali ya ndegeni. Angalia na Wi-Fi, kwani simu nyingi huiacha ikiwaka, au hukumbuka kwamba uliiwasha mara iliyopita. Kisha ifunge programu ya wingu kabisa, uiondoe kwenye orodha ya zilizofunguliwa, na uifungue upya. Kuifunga kuna sababu: faili iliyokuwa imefunguka kwenye kumbukumbu ya muda inaweza kuonekana salama wakati haipo.

Usifungue faili ya kwanza tu. Fungua ile kubwa kuliko zote, ile iliyo ndani kabisa ya folda ndogo, na ile iliyobadilishwa mwisho. Kwenye PDF ndefu, shuka hadi ukurasa wa mwisho. Kwenye video, ruka hadi katikati. Kwenye jedwali, badilisha kisanduku kimoja uone kama kinakubali, kisha ukirudishe. Hayo yakifaulu, unaweza kuondoka kwa amani.

Jaribio hili lirudiwe kila unapopokea sasisho kubwa la mfumo wa simu, unapofuta akiba, au unapoingia upya kwenye akaunti.

## Kuhariri bila mtandao

Kusoma ni rahisi. Kuhariri ndiko kunakohitaji kichwa kitulivu.

Docs, Sheets na Slides huhifadhi mabadiliko kwenye simu na kuyapeleka mtandao ukirudi, na huyaunganisha na ya wengine kwa ufasaha wa kuridhisha. Watu wawili wakifuta na kuandika upya sentensi ileile, usitarajie muujiza, lakini kwa kawaida kazi haipotei.

OneDrive ni kali zaidi. Maelekezo ya Microsoft yanasema faili ulizoziweka nje ya mtandao ndani ya programu hiyo ni za kusoma tu: ukihariri bila mtandao, mabadiliko huhifadhiwa kama faili mpya na ile ya kwenye wingu inabaki ilivyokuwa. Asiyejua hili hufungua faili ya zamani ofisini na kuapa kwamba kazi yake imefutwa, kumbe ipo pembeni kwa jina jingine.

Dropbox, watu wawili wakibadilisha faili moja kwa wakati mmoja, haithubutu kuchagua mshindi. Inaacha nakala zote mbili, ya pili ikiwa na maelezo ya mgongano kwenye jina lake. Ukiiona, usiifute kwa kudhani ni takataka. Zifungue zote mbili, hamisha kilicho chema kwenda kwenye faili kuu, ndipo ufute.

Kwa faili za Word, Excel na nyinginezo zinazotumiwa na watu wengi, utaratibu ninaouamini ni wa kizamani: kabla ya kuondoka kwenye mtandao, tengeneza nakala yenye tarehe na herufi za jina lako, hariri hiyo, na ukirudi uipakie kama faili nyingine. Mwambie mwenzako mapema kwamba sehemu fulani unaishika wewe. Ujumbe mmoja mfupi huzuia migongano mingi kuliko programu yoyote.

Mtandao ukirudi, ifungue programu kwa makusudi na uiache mpaka alama za kupakia ziishe. Kuwa na mtandao mfukoni hakumaanishi kwamba programu imeshapeleka kazi yako, hasa ukikumbuka yale ya betri.

## Folda ulizoshirikishwa

Folda isiyo yako ina mwenyewe, na nakala yako inaishi kwa ruhusa yake. Akikuondoa, nakala ya nje ya mtandao huondoka programu itakapowasiliana na seva. Akizuia watazamaji kupakua, huenda usipate kabisa chaguo la kuiweka nje ya mtandao. Ikiwa utaihitaji safarini, muulize siku mbili tatu kabla.

## Kuondoa nakala bila kufuta faili

Kuna vitufe viwili vinavyokaa jirani na vyenye matokeo tofauti kabisa. Kimoja huondoa nakala ya kwenye simu na kuiacha ya wingu. Kingine hufuta faili kila mahali, ikiwemo kwa wenzako. Soma maneno ya kitufe kabla ya kugusa: ukizima swichi ya nje ya mtandao, au ukichagua kuondoa kilichopakuliwa, uko salama. Neno likiwa "futa" peke yake, simama.

Ukishateleza, usihangaike. Google Drive, akaunti binafsi za OneDrive, iCloud Drive na akaunti ya bure ya Dropbox zote huweka vilivyofutwa kwa siku 30, na unaweza kuvirudisha.

Kwenye Android, ukiingia mipangilio ya programu utakuta chaguo la kufuta akiba na la kufuta data yote. La pili huondoa akaunti, nakala za nje ya mtandao, na mabadiliko ambayo hayajapakiwa. Simu ikisema imejaa, usikimbilie huko. Anza kwa kuondoa folda za kazi zilizopitwa na wakati, na hapo ndipo jina lenye mwezi linapolipa: "Simu – ziara ya Machi" haikupi shaka yoyote mwezi wa Juni.

## Simu ikipotea au ikibadilishwa

Nakala ya nje ya mtandao hufunguka bila nenosiri la wingu, kwa hiyo kinga yake ni kufuli ya skrini. Weka tarakimu sita au zaidi. Dropbox na OneDrive zina pia namba ya siri ya ndani ya programu. Iwashe ikiwa folda ina mikataba, matokeo ya vipimo au vitambulisho. Simu ikipotea, ingia kwenye akaunti kupitia kifaa kingine, ukiondoe kifaa kilichopotea kwenye orodha, kisha ubadilishe nenosiri. Usishangae nakala zikibaki kwenye simu ile kwa muda: amri ya kuzifuta huifikia tu ikiunganishwa na mtandao. Ndiyo maana kitu cha siri sana hakifai kuwekwa nje ya mtandao kikakaa miezi.

Ukihamia simu mpya, usitegemee alama zako za nje ya mtandao zihame nawe, hata kama programu na akaunti zimehama. Fungua simu ya zamani kwanza, subiri kila kinachopakiwa kiishe, piga picha ya skrini ya orodha ya faili za nje ya mtandao, kisha uziweke upya kwenye simu mpya na urudie jaribio la hali ya ndegeni. Simu ya zamani usiifute data mpaka jaribio hilo lipite.